Tuta Huvunjika Wakati wa Kiangazi

Kila mara Mto Tana unapofurika, watu wa Garsen na vijiji vya jirani husema neno moja: "Maji yamevunja tuta." Neno hilo ni kweli nusu. Maji ndiyo yaliyopita pale mwisho, na maji ndiyo yaliyochukua mahindi, kuku na vyombo vya nyumbani. Lakini mtu akirudi nyuma miezi mitano au sita, katika siku za jua kali ambapo mto umelala chini kabisa ya kingo zake, ataona kwamba tuta lile lilikuwa limekwisha kuvunjika zamani. Kilichobaki kilikuwa kungoja maji yaje kuitangaza habari hiyo.

Tuta linalotajwa hapa si lile bwawa kubwa la umeme ambalo picha yake hupigwa na wageni. Ni ukuta wa udongo tu, wenye kimo cha mtu mzima au pungufu yake, ulioinuliwa kwa majembe na makarai, na pengine kwa trekta la kukodi, baina ya mto na mashamba. Hauna saruji wala chuma. Mpita njia aweza kuudhani kuwa ni njia ya miguu, maana akina mama hupita juu yake wakienda sokoni na watoto wakienda shule. Lakini nyuma yake ndiko uliko mpunga, iliko migomba, liliko ghala, na viliko vitanda ambavyo watoto hao hulala usiku. Basi udogo wa tuta usimdanganye mtu. Tuta dogo huzuia maji yale yale yanayozuiwa na tuta kubwa, na likikubali kushindwa mahali pamoja penye upana wa mlango, ni sawasawa na kama halikujengwa.

Ili kulifahamu tuta, yampasa mtu aufahamu mto kwanza. Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake ni kilomita 1,000 hivi. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakashuka nyikani, yakapita Garissa, Hola na Garsen, kisha yakaingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Kila mwaka mto huwa na majira mawili ya maji mengi, yaani wakati wa masika na wakati wa vuli. Mvua inyeshayo Garsen yenyewe ni chache. Mkulima wa huko aweza kuona mbingu nyeupe na jua la utosi, na huku maji ya mvua iliyonyesha Nyeri na Meru yako njiani yanamjia, nayo huchukua siku kadhaa kufika. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huitazama mbingu badala ya kuutazama mto.

Wako pia wasemao kwamba habari ya mafuriko imekwisha tangu kujengwa mabwawa ya umeme kule juu. Mabwawa hayo ni matano: Kindaruma lililomalizika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Hapana shaka kwamba hupunguza nguvu za mafuriko madogo. Lakini bwawa ni kama mtungi. Ukiisha kujaa, kila kata iongezwayo humwagika. Masinga, ambalo ni kubwa kupita yote, lilijaa hata likamwagika mwaka 2018, na tena mwaka 2020 na mwaka 2024. Maji yaliyomwagika huko hayakuwa na njia nyingine ila ile ya kupita Garissa, Hola na Garsen. Wazee waliosimuliwa habari za mafuriko ya mwaka 1961 waliyaona kwa macho yao yale ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, na wajukuu wao wakaona ya mwaka 2018. Mwezi Novemba mwaka 2023 barabara itokayo Garsen kwenda Witu na Lamu ilifunikwa na maji huko Gamba, na magari yakakwama. Basi mtu asiseme kwamba mambo hayo ni ya zamani.

Tena Tana ni mto wenye tabia ya kuhama, na nchi ya Garsen hata baharini ni tambarare kama sahani. Mahali kama hapo, maji hayahitaji ruhusa kubwa ili yabadili njia. Katika karne ya 19 Sultani wa Witu alichimbisha mfereji mwembamba, ujulikanao kwa jina la Belezoni, ili vyombo vipate kutoka Mto Tana na kuingia Mto Ozi bila ya kuzunguka baharini. Ulikuwa mfereji wa mitumbwi tu. Lakini maji yaliupenda, yakaula kingo zake mwaka baada ya mwaka, hata mwishowe Mto Tana wenyewe ukaiacha njia yake ya asili na kufuata mfereji ule. Ndiyo sababu leo Tana huingia baharini Kipini, ambako zamani palikuwa mdomo wa Ozi. Na huko Hola, mnamo mwaka 1989, mto ulihama ukaiacha kavu mitambo iliyokuwa ikivuta maji ya mashamba ya serikali, na mashamba yale yakafa kwa muda wa miaka mingi. Mambo hayo mawili yatufundisha jambo moja. Maji hayatafuti njia kubwa. Hutafuta njia ndogo, kisha huikuza yenyewe.

Sasa na tuulize: ni nani afunguaye njia hiyo ndogo katika tuta?

Wa kwanza ni mchwa. Mdudu huyu hupenda udongo uliokusanywa, kwa kuwa ni laini na haufikiwi na maji ya kila siku. Hujenga vyumba na njia zake ndani ya tuta, na juu yake haonekani ila kichuguu kidogo. Maji yanapopanda hata yakafikia njia hizo, hupenya kama wezi waliokuta mlango wazi. Panya, nguchiro na wanyama wengine wachimbao hufanya kazi ile ile. Kiboko naye, atokapo mtoni usiku kwenda malishoni, hupita mahali pamoja kila siku, akaacha mfereji juu ya tuta kama uliochongwa kwa tezo.

Wa pili ni jua. Udongo mweusi wa delta ni mzuri kwa mpunga, lakini ukikauka hupasuka. Katika kiangazi mtu aweza kuingiza mkono mzima katika ufa, na pengine fimbo yote. Watu huupita ufa huo kila asubuhi, na vinywani mwao wana mithali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali waijua, ufa wauruka.

Wa tatu ni mti. Mkulima hupanda mwembe au huuacha mti uote juu ya tuta, akidhani kwamba mizizi hushika udongo. Nyasi fupi zilizoshikana hushika udongo kweli, lakini mti mkubwa huupasua. Tena ukikatwa na kisiki kikaachwa, mizizi huoza ndani ya ardhi, na kila mzizi uliooza ni bomba lililo tayari kupitisha maji kutoka upande huu hata upande wa pili.

Wa nne ni mwanadamu na mifugo yake. Ng'ombe mmoja akipita juu ya tuta hafanyi neno. Ng'ombe mia tatu wakipita mahali pamoja kwa mwaka mzima hulishusha kwa kiasi cha mkono. Na mkulima mwenye pampu ndogo ya maji hukata pengo juu ya tuta ili alaze mpira wake, akiahidi nafsi yake kwamba atalirudishia baada ya mavuno. Mavuno huja, na sokoni hupatikana fedha, na pengo husahauliwa. Mto unapojaa, maji hayaanzi kumwagika mahali tuta lilipo juu. Huanza mahali palipo chini kuliko pote. Kwa hiyo kimo cha tuta zima, hata likiwa na urefu wa kilomita mbili, ni kile kimo cha pengo la mtu mmoja.

Jambo hili si la mzaha. Usiku wa tarehe 9 Mei mwaka 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba kubwa mlimani lilibomoka baada ya mvua nyingi. Maji na matope yalishuka kwa ghafula juu ya nyumba za watu waliokuwa chini yake, na watu zaidi ya 40 wakafa, wakiwamo watoto. Bwawa lile halikuwa miongoni mwa mabwawa makubwa ya nchi, na watu wengi wa Kenya walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku lilipokuwa limekwisha kuua. Nchi ya Garsen haina mlima, na maji yake hayaporomoki namna ile, hupanda polepole. Lakini usiku, mtu alalaye chini nyuma ya tuta hana habari kama maji yanakuja polepole au upesi.

Msomaji na amfikirie mkulima mmoja mzee wa kijiji kilicho karibu na Garsen, ambaye shamba lake liko nyuma ya tuta la namna hii, na nyumba ya mwanawe iko hatua sitini kutoka hapo. Mwezi ni Januari. Mzee huyo amezoea kutembea juu ya tuta asubuhi, na siku moja, alipofika mahali ambapo mifugo hushukia mtoni, aliona kwamba tuta lililokuwa likimfika kifuani sasa lamfika kiunoni. Alimngoja mfugaji mpaka alipofika na ng'ombe wake, wakaamkiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani na za malisho, kisha mzee akasema:

"Ndugu yangu, ng'ombe wako wameshusha tuta. Maji ya masika yakija yatapita hapa kwanza, na nyumba ile uionayo ni ya mwanangu."

Mfugaji akaitazama nyumba ile, akajibu: "Mzee wangu, maneno yako ni ya kweli. Lakini ng'ombe hawana mabawa. Hapa ni malka, na baba zangu walinywesha hapa kabla ya tuta hili kuwako. Mlipolijenga hamkuniuliza nitapita wapi."

Mzee alinyamaza, kwa sababu jibu lile halikuwa la ujeuri. Watu wa Mto Tana wote wajua maana ya malka, yaani ile njia ya mifugo kufikia maji. Na wajua pia kwamba ugomvi juu ya ardhi na maji, uliozuka katika delta mwezi Agosti mwaka 2012 na kuendelea hata mwanzo wa mwaka 2013, uliua watu zaidi ya 100. Tuta lililojengwa juu ya malka bila ya shauri halina msingi mzuri hata likishindiliwa namna gani. Mmoja atalijenga mchana, na mwingine atalipasua usiku, na wote wawili watajiona wana haki.

Basi mzee akaenda kwa wenzake, na mfugaji akaenda kwa wenzake. Wazee wa Gasa, ambalo ndilo baraza la Wapokomo, wakaonana na wazee wa Matadeda, ambalo ndilo baraza la Waorma, chini ya mti na mbele ya chifu. Siku ya kwanza kikao hakikuzaa kitu. Kila aliyesimama alisema kwamba kazi ya tuta ni ya Serikali. Wengine wakasema ni ya kaunti. Wengine wakasema ni ya wale waliolijenga, nao wamekwisha kuondoka zamani. Mzee akaomba ruhusa ya kusema neno. Akasema: "Ni haki kuidai Serikali trekta na mhandisi. Lakini ofisi iliyo Nairobi, hata iliyo Hola, haiwezi kujua tundu la mchwa lililofunguka hapa siku ya Jumanne. Mimi naweza kulijua, na huyu mfugaji aweza kulijua. Nasi tukingoja mtu wa mbali aje atuonyeshe tundu lililo mlangoni mwetu, maji yatalijua kabla yake."

Katika kikao cha pili walipatana. Walichagua mahali pamoja pa kuvukia mifugo, wakapainua kuliko sehemu nyingine za tuta, wakapaweka changarawe ngumu iliyoletwa kwa lori, na pande zote mbili wakapafanyia mteremko mrefu ili mnyama apande bila ya kuchimba kwa kwato. Wafugaji walitoa vijana na fedha ya lori; wakulima walitoa majembe na chakula. Mahali pengine pote tuta likawa haramu kwa ng'ombe, na haramu vile vile kwa mipira ya pampu, isipokuwa ile iliyolazwa juu bila ya kukata udongo. Mfano huu haukutolewa ili kumsifu mtu. Umetolewa ili ionekane kwamba katika usalama wa tuta, jembe ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni mapatano.

Ama kuhusu jembe lenyewe, yako mambo ambayo kila mwenye tuta yampasa ayajue. Tuta jema huwa na msingi uliochimbwa, nyasi na mizizi ikaondolewa kwanza, ili udongo mpya ushikane na ule wa asili. Hujengwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15 au 20, likanyunyiziwa maji kidogo likashindiliwa kabla ya kuwekwa la pili. Udongo uliomwagwa kwa fungu moja na kuachwa hivyo huonekana mrefu siku ya kwanza, kisha hukaa chini. Hata tuta lililoshindiliwa vizuri hushuka, na kwa sababu hiyo mafundi huongeza sehemu moja kwa kumi ya kimo kinachotakiwa. Mteremko wake usiwe mkali. Mara nyingi kila mita moja ya kimo hupewa mita tatu za mteremko upande wa maji, na mita mbili upande wa nyuma. Tuta lenye kuta zilizosimama wima kama nyumba huporomoka, hasa wakati mto unaposhuka upesi na udongo bado umelowa.

Ufa usifunikwe kwa nyasi wala kwa mchanga. Hupanuliwa kwa jembe mpaka udongo mzima uonekane, kisha hujazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, ukashindiliwa kwa gogo. Kichuguu huchimbwa hata malkia wake apatikane, na vyumba vyake vyote hufunuliwa na kujazwa namna ile ile. Mtu akiviziba vinywa tu na kuacha matumbo, amejidanganya. Miti midogo hung'olewa ingali michanga. Nyasi huachwa zimee, lakini hukatwa fupi, kwa kuwa nyasi ndefu huficha nyoka, tundu na ufa kwa pamoja.

Maji yanapopanda, kazi hugeuka kuwa ya kulinda. Walinzi hutembea juu ya tuta usiku na mchana, wawili wawili, wakiwa na taa na simu, na macho yao zaidi yawe upande wa nyuma, si upande wa mto. Maji kidogo yatokayo nyuma ya tuta yakiwa safi, ni ya kuangaliwa lakini si ya kuogopwa sana. Yakitoka yamechafuka, maana yake yanaubeba udongo wa ndani, na tundu linakua kila dakika. Ikiwa nyuma ya tuta kumetokea chemchemi inayotapika mchanga, mtu asitupe gunia juu yake, kwa maana maji yatatafuta mlango mwingine. Na ayapange magunia ya mchanga kuizunguka kama ukuta wa kisima, ili maji yapande ndani ya kisima hicho na kuyakandamiza yale yanayokuja, mpaka yatoke bila ya kubeba udongo. Na maji machafu yakizidi licha ya kazi hiyo, au tuta likianza kumeguka, hapo hapana aibu kukimbia. Wazee, watoto na wagonjwa wawe wamekwisha kuhamishwa kabla. Mahindi ya mwaka mmoja hupatikana mwaka wa pili, lakini mtoto hapatikani.

Onyo lenyewe kwa kawaida huja. Mabwawa ya juu yanapokaribia kumwagika, kampuni ya KenGen huwatangazia watu walio chini, na machifu hupeleka habari vijijini. Kwa kuwa maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen, mtu aliyesikia ana nafasi ya kuhamisha watu wake na mali yake. Lakini nafasi hiyo ni ya kuhama na kulinda. Si ya kujenga. Siku tatu hazitoshi kutengeneza ulichokiharibu kwa miezi sita.

Iko hoja moja ambayo ni lazima ijibiwe kwa heshima, kwa sababu wanaoitoa ni watu wenye akili. Husema kwamba mafuriko si adui. Tangu zamani Mto Tana hulisha delta kwa kufurika. Maji yakiondoka huacha tope jipya, na katika tope hilo hupandwa mpunga na mahindi bila ya mbolea. Mabonde yaliyofurika huzaa samaki, na malisho yaliyoloweshwa ndiyo yawaokoayo ng'ombe wakati nyika yote imeungua. Basi, wauliza, kwa nini tuyazuie? Maneno haya ni ya kweli. Tuta lisiloacha maji yapite kabisa huipa nchi usalama na kuinyima chakula. Tena maji yaliyozuiwa upande huu hayapotei. Huenda kumwangukia jirani aliye ng'ambo au aliye chini. Hata matuta makubwa hayakuushinda mto huu kwa nguvu peke yake. Matuta yaliyojengwa kulinda mashamba ya mpunga ya Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi, karibu na Garsen, yalibomolewa na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, pamoja na mifereji yake.

Jibu lake ni hili. Tuta jema ni mlinzi wa mlango, si ukuta wa gereza. Huwa na milango ya maji ambayo watu huifungua kwa kiasi wanachokitaka na kuifunga. Huwa na mahali palipochaguliwa, pa chini kidogo na pagumu, ambapo maji ya ziada hupita kwenda bondeni pasipo nyumba, badala ya kujichagulia yenyewe katikati ya kijiji. Na kabla ya kujengwa, jirani wa ng'ambo huitwa akaulizwa. Kwa hiyo pia sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuzuia maji ya mto kwa kupenda kwake. Kibali hutafutwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na watu wasikione kibali hicho kuwa usumbufu wa makarani. Ni njia ya kulazimisha maswali yaulizwe mapema, kabla ya mtu kuzikwa.

Katika vijiji vingi mtu akiuliza tuta hili ni la nani, huambiwa kwamba ni letu sote. Jibu hilo ni zuri sikioni, lakini kitu cha wote hulindwa na wote kwa maneno na hakilindwi na mtu kwa mikono. Dawa yake si ngumu. Tuta na ligawanywe vipande, tuseme vya hatua mia mia, na kila kipande kiandikwe jina la nyumba moja katika daftari la kijiji. Mara moja kila mwezi wa kiangazi, na mara moja kila juma mvua zikianza kule juu, mwenye kipande akitembelee kwa miguu, upande wa mbele na upande wa nyuma, akiwa na fimbo ya kuchokoa na jembe mkononi, kisha aandike alichokiona: ufa, tundu, kichuguu, pengo, au salama. Aliye mfugaji apewe kipande kama aliye mkulima. Asiyejua kuandika amwambie mwanawe aliye shuleni amwandikie. Na lile lililo kubwa kuliko nguvu za kijiji, kama kuvunjika kwa mlango wa maji au kumeguka kwa ukingo wenyewe, lipelekwe kwa chifu na kwa ofisi ya kaunti likiwa limeandikwa tarehe na mahali, ili aliyeandikiwa asiweze kusema hakuambiwa.

Daftari la namna hiyo ni la bei ndogo dukani Garsen. Likiwa na majina yote, na likafunguliwa mwezi Januari, tuta lile lina wenyewe. Likifunguliwa kwa mara ya kwanza mwezi Mei, basi litafaa kwa kazi moja tu, nayo ni kuandikia hesabu ya vilivyopotea.